P2 inafanya nini hasa mwilini?

Ukitoka Mchikichini kwenda Kariakoo hukosi duka la dawa, na P2 unaipata kwa dakika mbili: unalipa, unawekewa kwenye bahasha ya kaki, unaondoka. Nyuma yako kuna wateja wamejipanga, sasa nani atasimama kuuliza maswali? Ndiyo maana mabinti wengi maelezo yake wanayapata saluni au kwa shoga: mara inatoa mimba, mara inaharibu kizazi, mara ukimeza uko salama kwa kila kitu. Tuone sayansi inasemaje.

P2 ni kifupi cha Postinor-2, jina la biashara ambalo mtaani limekuwa jina la vidonge vyote vya aina hiyo. Dawa yenyewe ni levonojestreli, homoni ya maabara inayofanana na projesteroni ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea. Katika kila mzunguko, ubongo humwaga homoni iitwayo LH kwa wingi, na hiyo ndiyo inayoifanya ovari iachie yai. P2 ikiwahi kabla ya hapo, inaizuia LH isipande, yai linachelewa kutoka. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5 hivi. Zinakufa zikilisubiri.

Ukielewa hilo tu, maswali mengi yanajijibu.

Inatoa mimba? Hapana. Mimba ikishatunga, P2 haiitoi wala haiidhuru.

Inaharibu kizazi? Hapana. Homoni hii huisha mwilini baada ya siku chache. Hedhi inaweza kuwahi, kuchelewa au kuja na matone ya ajabu, na hapo ndipo uvumi unapopata nguvu. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba.

Kwa nini uwahi? Kwa sababu yai likishatoka, dawa haina cha kuchelewesha. Meza mapema kadiri uwezavyo, ndani ya saa 72.

Inakulinda wiki nzima? La. Yai limecheleweshwa, halijafutwa. Ukikutana na mwanaume bila kinga siku tatu baadaye, unaweza kushika mimba.

Inazuia VVU? Hata kidogo. Dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari inaitwa PEP, nayo pia ina mwisho wa saa 72. Hii haiko kwenye bahasha ya P2. Nenda hospitali, kwa mfano Amana au Mnazi Mmoja, leo na si kesho. Kama umebakwa, nenda vilevile. Unahitaji zote mbili.

Mwambie mfamasia kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini au ARV zenye efavirenzi, maana zinapunguza nguvu ya P2. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, rudia dozi. Na kama unajikuta unainunua kila mara, sindano, kijiti au kitanzi vinazuia mimba vizuri zaidi, na vituo vya serikali vinavitoa bure.

Haya si mambo madogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshawahi kushika mimba. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, ila kurudi na mtoto mgongoni si kazi nyepesi.

Maelezo kama haya yanaweza kufika hata kwenye kiswaswadu. Mwaka 2010 huduma ya m4RH ilianza Kenya na Tanzania, ikijibu maswali ya uzazi wa mpango kwa meseji, bila mtu kutaja jina. Nadhani hata karatasi moja ya Kiswahili rahisi, ikiwekwa ndani ya ile bahasha, ingesaidia sana. Muuza dawa asingechelewesha foleni, na binti angesoma akiwa peke yake, saa 72 zikiwa bado hazijaisha.