Rufiji: rekodi za magogo na miezi yake

Msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki uko kwenye delta ya Rufiji, hekta zipatazo 53,000. Biashara yake ya boriti ni ya kale, na kalenda yake ilikuwa upepo: majahazi yalishuka na kaskazi mwishoni mwa mwaka, yakapakia, yakarudi Uarabuni kusi lilipoanza kuvuma, mnamo Aprili.

Lakini bara, Nyamwage, pale inapochepuka njia ya Utete, miezi ya magogo ilipangwa na masika. Kijiji kiko kwenye kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60 zilizongojea lami muda mrefu kuliko vipande vyote vya barabara ya Kibiti–Lindi. Machi hadi Mei malori yalinasa topeni na magogo yakalala porini. Kiangazi kikiingia, mninga, mkongo na mpingo ikaanza kutoka. Ukitazama takwimu za uvunaji za huku, anza na mvua ndipo uulize habari za misumeno.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, mita 970. Kabla yake kila lori lilisubiri zamu ya kivuko pale Ndundu. Hakuna mtambo wa mbao uliowahi kuongeza uwezo wa biashara hii kama daraja lile. Magogo yakamiminika kuelekea bandari ya Dar es Salaam, hata 2004 serikali ikapiga marufuku kuyauza nje ya nchi.

Rekodi inayoniuma ni nyingine. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, ilionyesha kuwa mbao ambazo China iliandika kupokea kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile tulizoandika sisi kuwa zimetoka, na kwamba taifa lilikuwa likipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka. Kwa hiyo kilele cha juu kuliko vyote hakimo katika vitabu vyetu. Wakati tulipovuna sana ndipo tulipohesabu kidogo, na kijiji ndicho kilichopata kidogo kuliko wote.

Jirani zetu wa Kilwa waliweka rekodi ya heshima: 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji. Huko gogo hupimwa na kuandikwa kabla halijaondoka.

Wenyeviti wa vijiji vya Rufiji na Kibiti, nawaomba: kila mwisho wa mwezi bandikeni kwenye mbao za matangazo magogo mangapi yametoka, ya mti gani, na ushuru uliolipwa.