Straika anasaini, familia ndiyo inayohama

MBWANA Samatta alipotua Le Havre ya Ufaransa Agosti 2025, Bongo nzima ilizungumza ligi anayokwenda na kama atapata namba. Kwenye vibanda umiza vya Bugene na Kayanga, Karagwe, nako mjadala huwa ni huohuo. Kinachosahaulika kijiweni ni upande wa pili wa dili: nani anatafuta nyumba, mtoto ataanza shule lini, na mama atamuuliza nani bei ya nyanya wakati hajui hata kusalimia kwa Kifaransa?

Le Havre si Paris. Ni mji wa bandari, kwenye mdomo wa mto Seine, ukitazama bahari inayoitenganisha Ufaransa na Uingereza. Upepo wake haupumziki na ufukwe wake ni wa kokoto, si mchanga wa Coco Beach. Septemba 1944 mabomu ya Waingereza, waliokuwa wakiwasaka Wajerumani, yaliusawazisha katikati yake. Ukajengwa upya kwa zege chini ya msanifu Auguste Perret, na mwaka 2005 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Klabu yenyewe, Le Havre AC, inahesabu umri wake tangu 1872, na Riyad Mahrez alipitia hapo kabla hajawa Mahrez wa Leicester na Manchester City.

Sasa mchukue mtu wa Bugene umpeleke huko.

Karagwe jua linachomoza karibu saa 1:00 asubuhi na kuzama karibu saa 1:00 jioni, mwaka mzima, tofauti ni dakika chache tu. Le Havre Desemba kunapambazuka karibu saa 3:00 asubuhi na giza linaingia saa 11:00 jioni. Ikifika Juni mambo yanageuka, jua linazama karibu saa 4:00 usiku. Mtoto anaambiwa akalale huku nje kweupe pee. Mchezaji ana daktari wa timu, ana mtu wa lishe, ana wenzake ishirini na zaidi wa kumpigisha stori. Mkewe ana dirisha na simu.

Kuna shule pia. Ufaransa, tangu 2019, elimu ni lazima kuanzia umri wa miaka mitatu. Kwa hiyo hakuna cha kusema 'tupo kwa muda tu, mtoto atasoma tukirudi nyumbani'. Na kwa maisha ya soka, muda huo wenyewe haueleweki. Tazama njia ya Samatta: Januari 2020 alitoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa, mwaka huohuo akatimkia Fenerbahce ya Istanbul, 2021 akawa Antwerp kwa mkopo, baadaye akarudi Genk, 2023 akaenda PAOK ya Thessaloniki, kisha Le Havre. Nchi tano ndani ya miaka sita. Mtoto anayemfuata baba kwenye njia ya namna hiyo atakutana ubaoni na Kiingereza, Kituruki, Kiholanzi, Kigiriki na Kifaransa. Ndiyo maana familia nyingi za wachezaji huamua baba atangulie, na wengine wabaki mahali pamoja. Nako kuna gharama yake, tena si ya fedha.

Istanbul, Thessaloniki, Le Havre: zote ni miji ya bahari, lakini kila mmoja na mambo yake. Thessaloniki huenda ndio unaomwelewa mgeni zaidi. PAOK ilianzishwa 1926 na Wagiriki waliokimbia kutoka Istanbul, na tai wa kwenye nembo yake amekunja mabawa kama ishara ya maombolezo ya walichokiacha. Klabu ya watu waliohama, kwa maneno mengine. Samatta alitwaa nayo ubingwa wa Ugiriki msimu wa 2023/24.

Simon Msuva naye aliijua bahari nyingine. Mwaka 2017 aliondoka Yanga kwenda Difaa El Jadida, mji mdogo wa Morocco kwenye Atlantiki wenye ngome ya zamani ya Wareno. Alifunga, akajulikana, na 2020 akahamia Wydad ya Casablanca. Huko mambo yakaishia kwenye mgogoro wa malipo uliofika mpaka FIFA. Hapo ndipo neno 'ugenini' linapopata maana kamili. Nyumbani mshahara ukichelewa kuna shamba, kuna mjomba, kuna mkungu wa ebitoke nyuma ya nyumba. Ughaibuni mwenye nyumba anataka kodi yake. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15. Ni haki nzuri, ila kesi huchukua muda, na wakati inaendelea familia inakula.

Novatus Dismas, aliyecheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Shakhtar Donetsk, yuko Goztepe ya Izmir, mji mwingine wa pwani. Uturuki ina unafuu mmoja mdogo: saa yake ni sawa na ya Tanzania mwaka mzima. Simu ya bibi haimkuti mtu usingizini.

Kwa wazazi wa Karagwe na Kyerwa wenye kijana anayeupiga mwingi, jambo kubwa ni la umri. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo wazazi kuhamia nchi hiyo kwa shughuli isiyohusu soka. Kwa hiyo 'wakala' anayekuja Bugene akitaka milioni kadhaa ili ampeleke mtoto wa miaka 15 timu ya Ulaya, anauza hewa. Kahawa ikiuzwa kwa ajili hiyo, imekwenda.

Kwa aliyefikisha umri, mkataba usomwe wote na mtu anayeielewa lugha yake, si kurasa za mshahara pekee. Nyumba inalipwa na nani? Tiketi za ndege ni za mchezaji tu, au za mke na watoto pia, na ni ngapi kwa mwaka? Akiumia goti mwezi wa pili, bima inamhusu mtoto anayekohoa kwa baridi ya Januari?

Ebitoke hata hivyo hazitapatikana kirahisi. Kahawa ipo: Le Havre imekuwa bandari kubwa ya kahawa ya Ufaransa tangu karne ya 19.