Je, Wajua? Mwanafalsafa wa Butiama na Vita vya Ukombozi
Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na rais wa kwanza wa Tanzania, alibatizwa kuwa Mkatoliki mwaka 1943, akasoma falsafa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha mwaka 1955 akaacha kufundisha Pugu ili aongoze TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Kwake, usawa wa binadamu haukuishia mpakani. Ndiyo maana Bagamoyo, mji uliowahi kupitishiwa watumwa, ulipokea shule ya sekondari ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakati Wamsumbiji wakipigana na Ureno. Huo ulikuwa uamuzi wa kishujaa, maana Tanzania yenyewe ilikuwa maskini. Baadaye, Idi Amin, rais wa Uganda, alipovamia eneo la Kagera nchini Tanzania mwaka 1978, Mwalimu aliingia vitani. Aprili 1979 Kampala, mji mkuu wa Uganda, ikakombolewa. Ukifika Bagamoyo, usiishie Mji Mkongwe. Waulize wazee habari za wapigania uhuru wale wa FRELIMO.