Nyanya na Baridi ya Julai

Sisi wa nyanda za juu, Kinangop, Limuru, Molo na kwingineko, tunaijua baridi ya Juni hadi Agosti. Lakini haina ratiba. Wiki moja jua linawaka, watu wanasema baridi imeisha, kikundi kinatoa miche kitaluni. Usiku wa tatu sakitu inaanguka, na asubuhi majani ni meusi kama yamemwagiwa maji moto. Pesa za mbegu zilikuwa za mkopo, na mkopo hauungui.

Nyanya ni mmea wa joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi, unasimama tu, na maua mengi huanguka bila kushika tunda. Basi msiharakishe. Mche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Mkisia mbegu mwisho wa Julai, mtahamisha Septemba joto likirudi. Na msisie zote siku moja! Gawanyeni mara mbili au tatu, wiki mbili mbili, ili baridi ikipiga kundi moja lingine libaki. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguzeni maji na kivuli pole pole, mche uzoee.

Tena, pandeni mteremkoni, si bondeni. Hewa baridi ni nzito, hushuka kama maji na kutulia karibu na mto. Najua huko chini ndiko maji yako karibu, lakini kubeba ndoo ni afadhali.

Usiku wa hatari ni ule wa nyota nyingi bila upepo. Mchana wake mwagilieni udongo, si majani, kwa sababu udongo wenye maji hushika joto. Jioni tandazeni nyasi au magunia makuukuu juu ya fito, yasiguse miche. Jua likitoka, fungueni.

Baridi ya mvua na ukungu nayo huleta blaiti, ile ile ya viazi. Kwa hivyo nyanya zikae mbali na viazi, zifungwe kwenye miti, majani ya chini yaondolewe. Dawa kama mankozebu hukinga, haiponyi. Someni karatasi ya dawa mjue siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Mche ulioungua msiung'oe upesi. Kwaruzeni shina karibu na udongo. Likiwa bado kijani, kateni sehemu iliyokufa mngoje. Mara nyingine huchipua.