Pesa Iende Kwenye Makali

Mnunuzi wa drili ya kwanza ya nyumbani karibu kila mara huuliza maswali mawili: ina wati ngapi, na bei yake ni kiasi gani. Muuzaji humjibu, huiwasha ivume kidogo, na biashara huishia hapo. Habari za biti hazitajwi. Siku ya kufunga bomba la pazia, zile biti zilizokuja bure ndani ya boksi zinaungua kabla tundu halijafika sentimita mbili, na lawama zote zinaangukia mashine.

Mota haigusi ukuta. Kinachogusa ukuta ni kipande kidogo cha tangsteni kabaidi kilichochomelewa kwenye ncha ya biti. Kikiwa hafifu au kimelegea, hata mashine ya wati 1,000 itabaki kupiga kelele tu. Ndiyo maana kwa anayejipanga kununua vifaa vya ukarabati wa nyumba, nashauri hesabu igeuzwe: mashine iwe ya wastani, na pesa inayobaki iende kwenye kile kinachokutana na kazi, yaani biti, diski, meno na makali. Matunzo nayo yaelekezwe hukohuko.

Kwa nyumba nyingi za tofali za saruji, drili ya kawaida yenye kitufe cha mpigo inatosha. Nguzo na lenta za zege lenye kokoto na nondo ni kazi nyingine. Hapo kodi mashine kubwa ya kutobolea zege kwa siku moja badala ya kuiua yako. Kwenye vigae zima mpigo kabisa, anza taratibu, na uuwashe tena biti ikishapenya kigae na kukuta ukuta.

Adui wa makali yote haya ni joto, ila dawa yake hubadilika. Biti ya ukutani ikipata moto, ichomoe na iache ipoe yenyewe, kwa sababu kabaidi ya moto ikitumbukizwa ghafla kwenye maji hupasuka. Biti ya kutobolea chuma inataka mwendo wa polepole na tone la mafuta. Patasi inayonolewa kwenye jiwe la umeme inataka kuchovywa majini mara kwa mara, kabla haijawa ya moto. Ukiona ukingo wake umegeuka rangi ya buluu, ujue ugumu wa chuma umeshapungua pale, na utalazimika kusaga hadi uipite sehemu hiyo.

Sasa grenda, na hapa naomba msomaji atulie nami, maana hiki ndicho kifaa ninachokiogopa kuliko vyote katika nyumba zetu. Diski ya milimita 115 kwa kawaida huandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika. Kwa mwendo huo ukingo wake unakimbia mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 288 kwa saa. Kipande kikikatika, kinaruka kwa kasi hiyohiyo kuelekea popote, hata usoni. Kazi ya kava ni kukizuia kipande hicho. Mafundi wengi hulitoa ili waingize diski kubwa ya milimita 230, ambayo kikomo chake ni kama mizunguko 6,600 tu, kwenye grenda ndogo inayozunguka 11,000. Diski hiyo inalazimishwa kwenda mwendo ambao haikutengenezwa kuustahimili. Ukimwona fundi uliyemwita akifanya hivyo nyumbani kwako, msimamishe kwa heshima, lakini msimamishe.

Diski za kukatia chuma zina tarehe pia. Tazama ile pete ya chuma katikati: kwenye diski zilizotengenezwa kwa viwango, mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi umechapwa pale, usiozidi miaka 3 tangu ilipotengenezwa. Gundi inayoshika chembe za kukatia huchoka, na unyevu huiharakisha. Zilaze diski zako mahali pakavu na tambarare, na usinunue iliyolowa wala iliyopigwa ukingoni, hata ikipunguzwa bei vipi. Na diski yenye meno ya kukatia mbao isifungwe kwenye grenda kabisa. Ikinasa kwenye mbao, mashine nzima humrukia aliyeishika.

Kwenye msumeno wa mkono, angalia rangi ya meno. Meno meusi au ya bluu kuliko bapa lenyewe yamekomazwa kwa moto kiasi kwamba tupa huteleza juu yake. Hukata vizuri na kwa muda mrefu, lakini yakiisha yameisha. Anayekata msonobari mara moja moja atapata alichokitaka. Anayekusudia kufanya kazi na mninga au mkongo mwaka hadi mwaka atafute msumeno wenye meno ya rangi moja na bapa, pamoja na tupa ya pembe tatu.

Patasi haihitaji jiwe la gharama. Kipande cha kioo kinene na msasa wa maji, ule wa kukwaruza kisha ule laini, vinatosha. Anza na mgongo wa patasi, uulaze bapa hadi ung'ae karibu na ncha, kisha noa upande wa mteremko kwa nyuzi 25 hadi 30. Patasi butu ndiyo inayojeruhi, kwa kuwa huilazimisha mikono kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo huponyoka.

Vipimo vina mitihani yake ya dukani. Pimamaji liweke juu ya kaunta, tazama povu, kisha ligeuze mkono wa kulia uende kushoto palepale. Povu likihama, rudisha. Kwenye tepu, usikatae wala usigonge ile ndoano ya mwanzo inayochezacheza. Imeachwa icheze kwa unene wake hasa, ili kipimo kiwe sahihi unapoivuta ukingoni na unapoisukuma ukutani. Walioikaza kwa nyundo wameharibu tepu nzima.

Kabla ya kununua mashine ya mtumba, soma kibao chake. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 zinaungua.

Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote, chumvi ya hewani inakula chuma hata ndani ya kabati. Usiweke vifaa juu ya sakafu ya saruji, kwa kuwa unyevu hupanda kutoka chini, wala usivifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa kuwa jasho lote hubaki humo. Vining'inize ukutani kwenye ubao. Kila baada ya kazi futa vumbi la saruji, kwani hushika unyevu, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani juu ya bapa la msumeno, patasi na biti. Kutu changa hutoka kwa msasa laini na mafuta hayohayo. Ikishachimba mashimo kwenye ukingo wa kukatia, kinachobaki ni kusaga.