Gari kuukuu: anza na karatasi, si rangi

Huku Eastlands ninakoishi, ukipita Buruburu au Umoja hukosi kuona gari la zamani limefunikwa turubai, magurudumu yameishiwa upepo. Likiwa Datsun ya mbio, mwenyewe atakukumbusha kwamba 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Fahari hiyo ndiyo humkimbiza kijana kwa fundi wa rangi. Lakini rangi ni ya mwisho.

La kwanza ni umiliki. Gari la marehemu ni mali ya warithi wote, si ya yule aliyebaki na ufunguo. Ukitia laki tatu kabla ya kuelewana, kesho dada yako akidai fungu lake, mtagombania hata jasho lako. Kaeni kikao, ikibidi mwende kwa kadhi, kisha mbadilishe jina NTSA. Linganisha nambari ya chesisi na iliyo kwenye logbuku. Zikitofautiana, usiguse spana.

La pili ni kutu. Injini hupatikana nyingine. Bodi ikioza ndiyo kazi. Inua zulia, ingia uvunguni, gonga sakafu na vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi. Pitisha sumaku ubavuni: bati la chuma lisiponasa, pamejazwa fila. Ndugu zangu wa pwani, nanyi angalieni zaidi, maana upepo wa chumvi hula chuma kimyakimya.

La tatu, usipige stata. Petroli iliyokaa miaka huganda kama gundi, ikaziba kabureta. Imwage, osha tangi. Toa plagi, tia mafuta kidogo ndani ya kila silinda, yaache siku mbili, kisha zungusha krenki kwa mkono, polepole. Ikikataa, usilazimishe, pistoni zimeshikana, na nguvu itavunja kitu. Ikizunguka, badilisha oili na filta kabla ya kuwasha.

La nne, breki kabla ya mwendo. Mafuta ya breki hunyonya maji, nayo maji huozesha silinda zake. Badilisha mafuta hayo, mipira, mabomba laini na matairi, hata kama yanaonekana mazima.

Usifungue gari zima kwa siku moja. Fungua sehemu moja, piga picha, tia skrubu kwenye mfuko wenye jina, maliza, ndipo uende nyingine. Magari mengi hufia kwenye maboksi, fundi kahama na hakuna ajuaye kipi kinaingia wapi.

Na ukikuta chesisi imeoza pale springi zinaposhikilia, piga hesabu bila mapenzi. Pengine heri kuliuza kwa vipuri, warithi wagawane, kuliko kumkabidhi mtoto gari linalong'ara litakalokatika njiani.

Usione vyaelea, vyaundwa. Na huundwa kuanzia chini.