Je, Wajua? Kombe la Bega Linaweza Kuota Bawa

Je, wajua kwamba kombe la bega limeungana na mifupa ya kiwiliwili mahali pamoja tu, kwenye ncha ya mtulinga? Kwingine kote limeshikiliwa na misuli, ipatayo 17. Ndiyo maana mshipa mmoja wa fahamu ukidhurika, kombe zima hulegea.

Msumbufu mkubwa ni mshipa unaotoka shingoni na kuteremka ubavuni, karibu mno na ngozi. Huitwa mshipa wa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari wa Uskoti. Ndio unaouamrisha msuli wenye meno kama ya msumeno, unaolibana kombe kwenye mbavu. Shanta nzito inaweza kuuumiza. Kadhalika kisu cha daktari anayetoa tezi za kwapani kwa mgonjwa wa saratani ya titi.

Mwambie mgonjwa ausukume ukuta kwa viganja viwili, kisha simama nyuma yake. Upande mzima umetulia. Upande mbovu kombe linachomoza kama bawa, shati linainuka utadhani ameficha sahani mgongoni. Kwa mtu huyu, kuanika nguo kwenye kamba ni kazi ya jasho.

Wengi hupona bila kupasuliwa, ila kwa subira ya mwaka hadi miwili. Asiyepona huazimiwa msuli mwingine, tena wa kwake mwenyewe. Daktari hubandua sehemu ya chini ya msuli mkubwa wa kifua kutoka kwenye mfupa wa mkono, akaupitisha kwapani na kuufunga kwenye pembe ya chini ya kombe. Usipofika, huongezewa kipande cha utando mgumu kutoka pajani. Mwingereza Tubby alijaribu jambo la namna hii tangu 1904! Kisha msuli hufundishwa kazi mpya kwa miezi ya mazoezi.

Mshipa wa pili unaoweza kulilegeza kombe hupita ubavuni mwa shingo, na ukidhurika, mara nyingi huwa umekatwa kwa bahati mbaya wakati wa kutoa tezi ya kupimwa. Usipopona, huhamishwa misuli mitatu iliyo kati ya uti wa mgongo na kombe, ikasogezwa upande wa nje, kwa njia ya Wajerumani Eden na Lange.

Basi, kama ulitolewa tezi shingoni na sasa mkono haupandi juu ya bega, usikae kungoja mwaka. Rudi kwa daktari mapema: mshipa uliokatika huungika vizuri zaidi katika miezi ya mwanzo.